Hotuba ya Mwenyekiti: Chumba cha Watoto



Tusifichane, mwaka huu tumegombana. Wengine wetu tulitaka chumba cha nyuma kipangishwe, tupate kodi. Mwishowe tukakubaliana kiwe cha watoto ambao wazazi wao wametengana, wapate pa kuonana na mzazi wasiyeishi naye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi kuiomba mahakama nafasi hiyo, lakini mara nyingi mahali penyewe ni benchi la ofisini, watu wanapita, simu zinalia.

Sisi nasi tulikosea. Tulipaka rangi kali, tukaweka redio na midoli tele. Mtoto wa kwanza aliziba masikio, akaingia chini ya meza. Baba yake akadhani anakataliwa, machozi yakamtoka. Kumbe ni kelele! Tukazima redio, tukatandika mkeka pembeni, tukatundika pazia zito. Mtoto akatoka mwenyewe.

Siku hizi tunamuuliza mlezi mapema: huyu anaogopa nini, anapenda kushika nini? Wapo wanaotaka kukimbia tu, hao tunawafungulia uani. Ila mvua ikipiga bati bado hatusikilizani. Tunahitaji dari, na hapo ndipo tunapowaomba mtushike mkono.