Jibu Tamu Si Lazima Liwe Kweli

Ukimwi uliripotiwa Kenya mwaka 1984. Huku kwetu ziwani, wengi walipomwona mgonjwa akikonda walisema: ni chira, amevunja mwiko. Kwa nini jibu hilo lilipendeza? Lilifanana na dalili, lilimtaja mkosaji, na liliahidi tiba, yaani dawa ya manyasi. Kusema "ni virusi" hakukujibu "kwa nini yeye?"

Tumtazame Mtume (s.a.w.). Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa. Watu wakayaunganisha mambo hayo mawili. Yeye, akiwa na msiba, akakataa: jua halipatwi kwa kifo cha mtu.

Basi kijana, jibu likikupendeza upesi, uliza: limethibitishwa? Na mgonjwa apelekwe akapimwe. Wabillahi tawfiq.