Dinari Mbili za Msamaria

Msamaria mwema hakuishia kumfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni. Alimpa mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kulipa gharama zitakazozidi. Ahadi hiyo ya pili ndiyo tunayoisahau mijini. Mwaka 1979 watu wasio na makao waliushtaki mji wa New York, Marekani. Mwaka 1981 mji ukakubali kumpa malazi kila mwanamume mhitaji. Mmoja wao alikuwa amekwisha kufia barabarani. Kujenga nyumba ni mwanzo tu. Blanketi, chakula na mshahara wa mlinzi hudai fedha kila usiku. Basi, tunapolipa kodi na kupanga bajeti, tusimwachie mwenye nyumba dinari mbili tu. Amina.