Hotuba kwa Wakristo na Walimu wa Nkowe: Kazi ya Kuwasikiliza Vijana



Twaadhimisha kwa furaha jubilei ya jimbo letu, lililozaliwa mwaka 1963 kwa jina la Nachingwea, na tangu mwaka 1986 laitwa Lindi. Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi tuliyopewa, kazi ya kuwashauri vijana. Siku hizi huitwa ushauri nasaha. Jina ni geni, bali kazi yenyewe si ngeni katika nchi hii ya Wamwera.

Wazee wetu hawakumwacha kijana akue peke yake kama mti wa porini. Mvulana alipelekwa jandoni, msichana unyagoni, na kila mmoja alikuwa na mtu wake, somo au kungwi, wa kumwuliza yale asiyoweza kumwuliza mama yake. Wamisionari walipofika, Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, walikuta desturi hizo zina nguvu sana. Wako walioona yafaa kuziondoa kabisa. Lakini jirani zetu Waanglikana walikuwa na Vincent Lucas, askofu wao wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hata mwaka 1944. Yeye hakuikataza jando, bali aliingiza humo sala na walimu Wakristo. Nasi twajifunza kwake neno hili: mwenye kubomoa nyumba ya malezi imempasa kujenga nyingine mahali pake.

Je, sisi tumejenga? Unyago ungalipo, lakini siku zake zimepunguzwa, na mara nyingi watoto huingia wangali wadogo. Hutoka wameambiwa kwamba wamekwisha kuwa watu wazima, na ngoma ikiisha, somo haonekani tena. Shuleni mwalimu ana watoto wengi na saa chache. Nyumbani baba yuko mikoroshoni. Kijana mwenye neno zito moyoni alipeleke kwa nani?

Ndugu wapendwa, hatusemi haya kwa kujisifu, maana sisi wenyewe tulikosa. Zamani kidogo, tulipokuwa tungali wapya katika kazi, msichana mmoja wa shule alitujia jioni. Alikuwa na mimba. Hakumaliza maneno matatu, nasi tukaanza kumfundisha. Tulimweleza juu ya dhambi, juu ya aibu ya wazazi, juu ya masomo yaliyopotea. Alijibu, "Ndiyo, mwalimu," akaondoka. Tukadhani tumefanya kazi njema. Kumbe usiku ule alilala chini ya mikorosho kwa hofu ya kurudi kwao, na shuleni hakuonekana tena.

Hata mwezi wa Novemba mwaka 2021 serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, tulikwenda kwao. Tulimkuta na mtoto mgongoni, anatwanga. Safari hii tulikaa juu ya mkeka, tukamwuliza neno moja tu: siku ile ulitujia kutaka nini? Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilitaka mtu wa kwenda nami kwa mama." Basi! Hakutaka hotuba. Alitaka mtu wa kutembea naye njia ya nusu saa.

Tulikumbuka habari za kuhani Eli. Mtoto Samweli alimjia usiku, naye akamrudisha akalale. Akaja tena, akamrudisha tena. Mara ya tatu ndipo mzee alipofahamu ni nani anayemwita mtoto. Sisi nasi tulimrudisha mtoto akalale, wala kitanda hakuwa nacho.

Tangu siku hiyo tulianza kujifunza kazi upya. Tulisoma habari za Carl Rogers wa Marekani, mtu aliyeanza kusomea uchungaji akageukia elimu ya nafsi. Alifundisha kwamba mtu hufunguka mbele ya yule amsikilizaye kwa heshima bila kumhukumu. Tulisikia pia habari za Harare, Zimbabwe, ambako tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaani kuketi na wenye huzuni juu ya benchi lililowekwa nje ya zahanati. Mabibi hao si madaktari, lakini watu wengi wamepona kwa kusikilizwa nao. Tuliposikia hayo tulicheka kwa furaha, maana bibi wa namna hiyo hata Nkowe wapo.

Na mambo tuliyoyashika ni haya. Kwanza, keti na kijana, umwache amalize. Pili, siri yake isitoke kwako, isipokuwa uhai wake au wa mwingine u hatarini. Na hilo umwambie mapema. Tatu, usimchagulie njia, bali umsaidie kuziona njia zilizopo. Nne, huzuni isiyoondoka, kukosa usingizi na maneno ya kutaka kufa ni ugonjwa. Umpeleke hospitali, na sala iende pamoja naye. Tano, kwa desturi yetu mjomba ana neno kubwa, usimpite mlangoni.

Msichana yule mjomba wake alikataa mara mbili. Mara ya tatu bibi yake akasema, "Mtoto nitamlea mimi." Akarudi darasani, amewazidi wenzake umri, na siku za kwanza walimcheka. Walimu, kicheko kile kilikuwa juu yetu kukizuia.

Ndugu zetu, wako wanaotuuliza twapata faida gani katika kazi isiyo na mavuno ya kuhesabiwa gunia kwa gunia kama korosho. Twajibu: tumepata kujua kwamba Mungu huweza kututumia hata tukiwa tumenyamaza. Kwa hiyo twaomba katika jubilei hii kila kigango kichague watu wawili, mume na mke, wenye moyo mtulivu na mdomo mzito, wafundishwe kazi hii; na wawekewe benchi chini ya mwembe, mahali ambapo kijana aweza kufika bila kuulizwa amefuata nini.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu. Amina.