Uchungu wa Mboga Ulimini mwa Mtoto



Mtoto anapotema mchunga au mgagani, aghalabu huitwa mkaidi. Wapo wanaochapwa, na wapo wanaolishwa kwa nguvu. Mazungumzo haya yanamtetea mtoto huyo, pasipo kuiacha mboga.

Mwaka 1931, mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa akishughulika na unga wa kemikali maabarani. Vumbi lake liliporuka, mwenzake alilalamikia uchungu mkali, ilhali Fox hakuhisi ladha yoyote. Ndipo ikabainika kwamba ndimi hazilingani, na kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Hivyo ndugu wa tumbo moja waweza kula sahani moja, huyu akafurahia, yule akaona shubiri. Isitoshe, kwa kawaida watoto huhisi uchungu kuliko watu wazima. Mama aonjapo chungu na kuridhika, hajapima ulimi wa mwanawe.

Uchungu ni mlinzi, kwani sumu nyingi ni chungu. Wakulima wa mihogo michungu wanalijua hilo: isipotayarishwa ipasavyo, hudhuru. Lakini mlinzi huyo hatofautishi sumu na mboga njema mpaka afundishwe.

Mafunzo yake ni subira. Mtoto apewe kiasi kidogo, kama ncha ya kijiko, siku baada ya siku. Huenda zikahitajika mara nane, kumi au zaidi kabla hajaizoea. Asitishwe wala asihongwe peremende. Wazazi nao waile mboga hiyo mbele yake. Karanga zilizosagwa, tui la nazi, au kuchanganya na mchicha hupunguza makali. Mama anyonyeshaye naye ale mboga za aina nyingi, maana ladha ya chakula chake hupenya hadi kwenye maziwa.

Mtoto akizoea ugali na mchuzi mtupu, hukosa vitamini na madini yanayolinda macho, damu na kinga ya mwili. Matone ya vitamini A yatolewayo kila miezi sita, tangu mtoto atimizapo miezi sita hadi miaka mitano, ni msaada muhimu, lakini hayachukui nafasi ya mboga sahanini.

Akatae mboga moja, avumiliwe. Akikataa vyakula vyote, au uzito usipoongezeka kwenye kadi ya kliniki, apelekwe zahanati bila kukawia.