Stendi Imehamia Kwetu, Safari ya Mjini Bado: Mtazamo wa Abiria wa Nzuguni

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wadau wa usafiri, Nzuguni, Dodoma

1. Utangulizi



Nimeombwa nieleze mabadiliko ya usafiri wa mabasi jijini kwetu kama abiria anavyoyaona. Napanda daladala asubuhi kwenda mjini na jioni kurudi Nzuguni, siku sita kwa wiki. Hoja yangu ni moja: mabadiliko makubwa tuliyoyashuhudia yamemfaa zaidi msafiri wa mikoani. Abiria wa ndani ya jiji bado hajapangiwa safari yake.

2. Yaliyobadilika

Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na Aprili 2018 mji wetu ukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Wengi wetu tumejenga pembezoni, huku upande wa mashariki kuelekea Ihumwa na Mji wa Serikali wa Mtumba, na kila siku tunafuata kazi, shule na hospitali mbali na nyumbani.

Kisha mabasi ya mikoani yakaondoka katikati ya mji yakaja kwetu, eneo la Nanenane, jirani na Soko Kuu la Job Ndugai. Zamani mtu wa Nzuguni anayekwenda Mwanza alianza kwa kwenda mjini. Leo mtu wa mjini ndiye anayekuja Nzuguni. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku. Julai 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Stendi ya mabasi iko huku, stesheni ya treni iko kwingine, na kinachoziunganisha kwa mtu wa kipato cha kawaida ni daladala.

3. Hali ilivyo barabarani

Jioni moja nilikaa na mama aliyetoka kununua nyanya soko la Sabasaba, ndoo ameipakata. Kibao cha gari kilionyesha mwisho wa ruti ni ndani ya Nzuguni. Tulipofika stendi ya Nanenane konda akagonga bati: "Mwisho hapa, shukeni." Gari likageuza, maana upande wa kurudi mjini abiria walikuwa wamejaa. Yule mama alisimama na ndoo yake akihesabu sarafu, kisha akapanda bajaji. Nauli ya pili ikala faida ya nyanya zake kabla hajazipanga mezani.

Asubuhi wanaoumia ni wanafunzi. Konda anaweka mkono mlangoni: "Wanafunzi wawili tu!" Waliobaki wanasubiri gari linalofuata kwenye upepo wa baridi, huku kengele ya shule haiwasubiri.

Usiku ni tatizo jingine. Basi la mikoani linashusha watu saa saba, wakati daladala zimeshalala. Aliyelipa nauli halali kutoka mbali anabaki kupatana bei gizani na bodaboda.

4. Chanzo chake

Nisiwatupie lawama zote makondakta. Dereva anadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, gari liwe limejaa au tupu. Mafuta na vipuri vimepanda. Katika hali hiyo atakimbilia palipo na watu wengi na kumwacha mwanafunzi anayelipa nauli pungufu.

Hata hivyo, gharama hizo zimeshazingatiwa kwenye nauli. Kwa safari isiyozidi kilomita 10, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliipandisha kutoka shilingi 400 hadi 500 mwaka 2022, kisha hadi 600 Desemba 2023. Abiria tulilipa. Aliyelipa nauli ya ruti nzima ana haki ya kufikishwa mwisho wa ruti.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila kituo kiwe na kibao kinachoonyesha ruti, mwisho wake na nauli yake, ili mabishano na konda yamalizwe kwa maandishi.

Pili, ukaguzi wa magari yanayokatisha ruti ufanyike jioni na asubuhi, saa ambazo kosa hilo hutendeka.

Tatu, zipangwe daladala chache za zamu za kuunganisha stendi na stesheni kwa kufuata saa za mabasi na treni, usiku ukiwemo.

Nne, wenye magari wafikirie kuwalipa madereva mshahara badala ya kudai hesabu ya siku. Dereva mwenye uhakika wa kipato hana sababu ya kumfukuza mtoto mlangoni.

Tano, abiria tutumie Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, lililoundwa kwa ajili yetu. Malalamiko ya kwenye siti huishia kwenye siti. Yakiandikwa pamoja na namba ya gari, tarehe na saa, yanaweza kufuatiliwa.

6. Hitimisho

Ndugu zangu, stendi tunayo, soko tunalo, reli imefika. Kilichobaki hakihitaji jengo jipya. Kinahitaji gari lifike pale kibao chake kinaposema linafika. Naomba tusiondoke hapa kabla hatujakubaliana nani ataweka kibao cha kwanza, na kwenye kituo gani.