Gharama ya Kulinda Mikoko ya Lamu

Wasikilizaji, kila avukaye kwa mashua kutoka Mokowe kwenda kisiwa cha Lamu huiona mikoko imesimama kando ya maji. Boriti zilizobeba dari za nyumba za kale za mawe zilikatwa humo. Tangu zamani mkataji huondoka na shoka lake, akarudi na fito, pau, mazio na boriti, akaziuza kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mbona basi atakiwa kuwa na kibali na kulipa ada kwa mti ambao hakuna mtu aliyeupanda? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake limo katika hesabu.

Kwanza itazamwe mali yenyewe. Kenya ina mikoko ya hekta zipatazo 61,000, na zaidi ya nusu yake imo Lamu. Mwaka 1932 Serikali ya wakati ule iliitangaza kuwa msitu wa Serikali, na tangu hapo ukataji umekuwa chini ya sheria. Mwaka 1982 kupeleka boriti nchi za ng'ambo kulikatazwa, na majahazi yaliyokuwa yakizichukua mpaka Arabuni yakakosa shehena.

Pili, ulinzi una gharama. Msitu wa bara waweza kuzungukwa kwa miguu. Lakini mikoko imetawanyika katika hori na visiwa vingi, na sehemu nyingi hazifikiwi ila kwa chombo, tena maji yakijaa. Yahitajiwa mashua, mashini, petroli na mishahara. Fedha hizo ni za umma: ni kodi ya mkulima wa Mpeketoni, na ya mchungaji wa Turkana ambaye labda hajapata kuuona mkoko.

Tatu, iko gharama isiyoandikwa katika vitabu vya Serikali. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa nchini kote, hasa kwa kuhofia kukauka kwa mito ya bara. Mikoko si chemchemi ya mto wowote, lakini Lamu nayo ilifungwa, hata marufuku hiyo ikaondolewa huko mwaka 2019. Marufuku huonekana kuwa rahisi, kwa kuwa ni neno moja tu. Kumbe mzigo wake umetolewa hazina ukawekwa jikoni kwa mkataji. Na mwenye njaa akikata usiku, hachagui mti wala halipi ada, na gharama ya kumfuata huzidi.

Je, ulinzi uachwe? Hasha. Mizizi ya mikoko hushika matope, hupunguza nguvu ya mawimbi, na hulea samaki wachanga, kaa na kamba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Na kuharibiwa kwa mikoko kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa. Basi kuilinda kuna gharama, lakini kuipoteza kuna gharama kubwa zaidi.

Njia iliyo nafuu ni ile ya katikati. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 yaruhusu vyama vya wanavijiji kuitunza misitu pamoja na Shirika la Misitu. Kibali kikipatikana karibu na kwa ada ya kadiri, mkataji hukata kwa kuchagua, huacha miti mizazi, na humzuia mgeni akataye ovyo, maana ni riziki yake inayoibwa. Mtu wa namna hiyo ni mlinzi asiyelipwa mshahara.

Lakini yeye naye ana haki ya kujua ada yake imekwenda wapi: ni kiasi gani kilichokusanywa, ni kiasi gani kilichotumika kwa ulinzi, na ni kiasi gani kilichotumika kupanda miche mahali palipokatwa. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani Faza, Kizingitini na Mkunumbi, isomwe na kila mtu. Wazee wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mikoko ni mali, na daftari lake ni la watu wote.