Kinga ya Homa ya Mafua: Kwa Nini Mtoto Huugua Zaidi ya Baba Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa waumini wa Nanyamba, Mtwara)



Ndugu Waislamu, leo tunaacha kwa muda mada zetu za kawaida ili tuzungumzie jambo lililomo ndani ya kila nyumba hapa Nanyamba, nalo ni homa ya mafua. Mara ngapi tumeona baba akipiga chafya siku mbili huku akiendelea na palizi ya mikorosho yake, ilhali mtoto aliyelala chumba hicho hicho amepata homa kali, amekataa chakula, na siku ya tatu anahema kama aliyekimbizwa? Ugonjwa ni ule ule mmoja. Kwa nini umpite huyu na kumwangusha yule?

Kabla ya kujibu, tuondoe kwanza kosa tulilolizoea. Mtoto akichemka mwili tunasema ni malaria, na wapo wazazi wanaompa mseto bila hata kumpima. Malaria ingalipo mkoani kwetu, na kupima ni lazima. Lakini mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofika kutibiwa homa Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wenye malaria walikuwa kama asilimia 10 na nusu tu. Walio wengi waliugua kwa virusi, na dawa ya malaria haiui virusi.

Ama kuhusu kinga yenyewe, mwili una kumbukumbu. Kila mara kirusi kinapoingia, mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nacho, kisha hubakiza chembechembe zinazokumbuka sura ya adui huyo. Kirusi cha mafua ni mjanja, kwani hubadili vazi lake kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana hata mtu mzima huugua tena. Hata hivyo, aliyekwishaugua mara nyingi humtambua adui japo kwa nusu sura. Mfano wake ni mvuvi wa Msimbati: fungu la mchanga likihama, atababaika kidogo, lakini mkondo anaujua. Mtoto ni mgeni aliyepewa ngalawa leo asubuhi. Hana kumbukumbu yoyote ya kumsaidia, na mwili wake huanza vita tangu mwanzo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kwa mwaka mmoja homa hii huwapata watoto 20 hadi 30 katika kila 100, na watu wazima 5 hadi 10 tu. Tena njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, uvimbe kidogo huiziba. Na jambo tunalolisahau ni kwamba mtu mzima hutoa virusi kwa muda wa siku 5 hadi 7 hivi, ilhali mtoto anaweza kuvitoa kwa siku 10 au zaidi. Basi mkeka wa madrasa, wanapokaa bega kwa bega, huufikisha ugonjwa katika nyumba nyingi kwa haraka.

Yuko mmoja ambaye hali yake ni ya pekee, naye ni mtoto mchanga. Huyu huzaliwa na akiba aliyopewa na mama kupitia kondo la nyuma, lakini akiba hiyo hupungua katika miezi michache. Chanjo ya mafua nayo haitolewi kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Kilichobaki ni maziwa ya mama, ambayo yana kingamwili zake. Sura ya Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na madaktari wa leo wanashauri muda huo huo au zaidi. Kadhalika mama mjamzito akichanjwa, mtoto naye hufaidika: Bangladesh, nchi yenye Waislamu wengi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto wa mama waliochanjwa walipungukiwa na homa ya mafua iliyothibitishwa kwa vipimo kwa asilimia 63 katika miezi yao 6 ya mwanzo.

Sasa tufike kwenye jambo la ajabu. Mwaka 2009 yalizuka mafua yaliyoitwa ya nguruwe. Yakathibitishwa Kenya mwezi Juni na kwetu Tanzania mwezi Julai. Jina lile lingeweza kumdanganya Mwislamu adhani kuwa yeye yamo nje ya mlango wake, kumbe yalipita kwa pumzi ya mtu hadi mtu. Wazee, ambao kwa kawaida ndio wanaokufa zaidi kwa mafua, safari ile waliugua kwa uchache. Wamarekani walipopima damu waliona kuwa theluthi moja ya wenye umri wa zaidi ya miaka 60 walikuwa na kingamwili zinazokitambua kirusi kile kipya, na watoto hawakuwa nazo kabisa. Sababu ni kuwa ndugu za kirusi hicho walizunguka duniani kuanzia 1918 hadi 1957, na wazee wale walikutana nao utotoni. Mafua ya kwanza ya utotoni huacha alama isiyofutika upesi.

Lakini asije mzee akajiona amekingwa daima. Mwaka wa kawaida kinga yake huwa imechoka pamoja na viungo vyake, na hata chanjo humsaidia kwa kiasi kidogo kuliko kijana. Bibi anayelala na mjukuu mwenye mafua yumo hatarini sawa na mjukuu.

Tufanye nini basi? Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wetu kliniki. Imo chanjo ya nimonia, inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, nayo ni muhimu kwa kuwa nimonia ndiyo hufuata nyuma ya mafua na kuua. Msiiruke hata moja kwa ajili ya msimu wa korosho. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini, kwani inaweza kumdhuru ini na ubongo. Apewe parasetamo kwa kipimo cha umri wake. Akae nyumbani, asiende madrasa, na walimu wetu wasimhesabie utoro.

Na mhesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi 4 akifikisha 40, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama kipimo cha malaria kimesema hana.

Maswali tutayapokea baada ya sala ya alasiri, akina mama upande wao na akina baba upande wao.

Wabillahi tawfiq.